Mwendo wa Kuongea

Lugha hii ina methali ya kumtuliza mwenye haraka na nyingine ya kumhimiza mzembe, na mtu mwenye akili timamu huchagua ile inayounga mkono jambo alilokwisha kuliamua. Mfamasia alikuwa amechagua zamani. Akiambiwa kwamba mwenda pole hajikwai, alijibu kwamba mchelewaji humkuta mwana si wake, na mazungumzo yaliishia hapo, kila upande ukijihesabu mshindi. Mtaani walimwita Kiguu na Njia. Hakuchukia. Alikuwa anakaribia miaka hamsini, na katika umri huo mtu huanza kushukuru kuitwa kwa jina linalotaja miguu.

Duka lake la dawa lilikuwa kati ya kinyozi na duka la vipuri vya magari. Siku nzima alisimama nyuma ya meza ya kioo akiwaeleza watu mambo mawili yaleyale: dawa hii ni kali kiasi gani, na inywewe kwa wingi gani. Aliwaonya wasiongeze dozi kwa sababu maumivu yamezidi, wala wasiikatize kwa sababu yamepungua. Wateja waliitikia kwa vichwa, wakaenda nyumbani kufanya walivyotaka. Yeye mwenyewe, katika jambo la pekee alilolifanya kwa hiari yake, alikuwa mgonjwa wa aina hiyohiyo.

Jambo hilo lilikuwa triathloni ya masafa marefu: kuogelea kilomita tatu katika bwawa la kuhifadhia maji, kisha kuendesha baiskeli kilomita mia na ishirini, kisha kukimbia thelathini, yote kwa siku moja na bila kulazimishwa na mtu. Mstari wa mwisho hufungwa saa moja ya jioni. Asiyeuvuka kabla ya hapo huandikwa kwamba hakumaliza, hata kama amebakiza umbali wa kutupa jiwe.

Mwaka uliopita Mfamasia alikuwa amebakiza zaidi ya kutupa jiwe. Baiskeli aliiendesha kama mtu anayefukuzwa na nyuki, akawapita wengi, na katika mbio wengi haohao wakampita mmoja mmoja, baadhi yao wakimpa pole, jambo lililomuuma kuliko misuli. Kwenye kilomita ya ishirini na nne msimamizi mwenye fulana ya manjano alimsimamisha, akapiga goti, akamfungua kifundoni ule ukanda unaorekodi muda, kwa upole wa mtu anayemvua marehemu saa. Alirudishwa kwa gari la mwisho, linalookota waliobaki njiani. Alipofika nyumbani aliingia jikoni kunywa maji, akaanguka mbele ya mama mkwe wake aliyekuwa amekuja kuwatembelea, na kuanzia hapo suala lilikuwa la familia.

Mama mkwe alikuwa hakimu mstaafu. Wanawe wawili walimwita Mama akiwapo na Hakimu akiwa hayupo. Alikuwa mjane, akiishi upande wa pili wa mji, ghorofa ya tatu, pamoja na simu yake. Jumapili iliyofuata aliwakalisha sebuleni wote waliohusika: mwanawe mkubwa, ambaye ndiye mume wa Mfamasia na mwalimu wa hesabu asiyependa ugomvi usio na jibu moja; mwanawe mdogo, aliyewahi kushindana kwa baiskeli na sasa akifundisha watu kuogelea, ambaye kila mtu alimwita Kocha; na mshtakiwa. Alisikiliza pande zote, yaani alisema yeye. Kisha aliuliza kama kuna mwenye neno. Kisha akatoa uamuzi: mara moja tu zaidi, amalize au asimalize, na baada ya hapo baiskeli iuzwe na Mfamasia akae nyumbani kama watu.

"Umenisikia, mwanangu?"

"Ndiyo, mama," alisema Mfamasia.

Hivyo basi mbio za mwaka huu hazikuwa na mwaka mwingine nyuma yake. Asipouvuka mstari safari hii, hatauvuka tena, na atazeeka akiwa mtu aliyefunguliwa ukanda njiani.

Kocha alikubali kumfundisha shemeji yake kwa sharti moja, kwamba atatii. Nadharia yake, ambayo haikuwa yake bali ya vitabu alivyoviazima na kutovirudisha, ilikuwa rahisi na haikumpendeza mtu yeyote. Wingi wa mazoezi na ukali wake ni kama wake wenza: kila mmoja anaweza kukaa ndani ya nyumba, lakini si katika chumba kimoja. Anayeongeza saa apunguze makali. Anayetaka makali apunguze saa. Anayetaka vyote viwili atavipata, na kitanda cha hospitali juu yake. Sehemu kubwa ya juma iwe nyepesi mpaka iaibishe, na sehemu ndogo iwe kali mpaka itishe. Katikati yake kuna mazoezi ya vuguvugu, yanayompa mtu jasho na fahari na hisia ya kazi, bila kumfikisha popote.

"Wewe shemeji," alimwambia, akimwonyesha kwenye kompyuta mistari ya mapigo ya moyo wake ya mwaka uliopita, "mwaka mzima ulikuwa chai iliyopoa. Siku ya mwendo mwepesi unakimbia, siku ya makali umeshachoka. Ukipitwa na bibi mwenye kikapu, unamfukuza."

Mfamasia alitaka kujua nani alimpa habari za yule bibi.

Dawa aliyoandikiwa iliitwa mwendo wa kuongea. Katika siku nyepesi, ambazo zilikuwa nyingi, alipaswa kukimbia kwa mwendo unaomruhusu mtu kusema sentensi nzima, tena ndefu, bila pumzi kukatika. Saa ya kupima mapigo alikuwa nayo mkononi, lakini alikuwa hodari wa kubishana nayo: mara ilikuwa joto, mara kahawa, mara betri. Na sentensi je, ataibishia? Shida ilikuwa mtu wa kuongea naye. Mume hakukimbia, hata mvua ilipomkuta njiani. Kocha asubuhi alikuwa kwenye bwawa la chuo, akiwashika watu wazima tumbo wasizame. Kocha akafikiri, na fikra zake zikamwelekeza kwa mama yake. Mama alipenda kuongea. Simu yake haikuisha chini ya saa moja. Na wanawe wote wawili walikuwa wakiikwepa kwa visingizio vilivyoanza kufanana. Mfamasia ampigie yeye. Wazo lilikuwa zuri kwa watu watatu kati ya wanne, na wa nne hakuulizwa.

Asubuhi ya kwanza Mfamasia alifunga simu juu ya kiwiko, akatia kifaa cha kusikilizia sikioni, akatoka. Barabara ya mzunguko ilikuwa na vumbi lililolala bado. Alipita ukuta wa kiwanda cha magodoro, akapita chini ya daraja la waenda kwa miguu, na mama mkwe akapokea kwa sauti ya mtu anayetarajia msiba. Alipoarifiwa kwamba hakuna aliyekufa, kwamba mkwe amempigia kumjulia hali tu, alianza. Aliongea juu ya tangi la maji la jirani linalovujia ukuta wake. Aliongea juu ya nyonga. Aliongea juu ya mtu aliyewahi kuletwa mbele yake kwa kuiba mlango, ambaye angeponyoka kama asingerudi kuchukua fremu. Mfamasia alikimbia, akasikia, akaitikia. Simu ilipokatwa alikuwa amezunguka mji na hajaona dakika zilikokwenda.

Ikawa desturi. Mwendo wa pole, ambao mwaka uliopita ulimwasha miguu kama upupu, sasa haukumsumbua hata kidogo, na hilo peke yake lingemshtua mtu mwenye tabia ya kujitilia shaka. Yeye alijiridhisha kwa mantiki: mwendo wa kuongea ni mwendo mwepesi, yuko kwenye simu, kwa hiyo anaongea, anaongea, kwa hiyo ni mwepesi. Na kwa kuwa mazoezi mepesi yanaruhusiwa kuwa mengi, aliyaongeza. Alianza kupita daraja la pili, kisha la tatu. Hakimu naye alianza kusubiri simu akiwa amekwisha kunywa chai na kuketi.

Wiki zilivyosonga, mwili wake ulianza kutoa taarifa. Vidonda vilimtoka mdomoni. Alfajiri moyo ulimwamsha kabla ya saa ya mezani, ukigonga kama mdai. Ngazi za duka, ambazo zilikuwa tatu, alizipanda akishika ukuta. Nyuma ya meza ya kioo alimwaga vidonge kwenye kisahani, akavihesabu, akavirudia, akavirudia tena, akamwangalia mteja kana kwamba ndiye aliyevichanganya. Na mzee mmoja aliyekuja na kikohozi aliambiwa akohoe upesi kwa sababu foleni ni ndefu. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Nyumbani mume alitoa maoni yake ya kwanza tangu siku ya kesi, kwamba meza ya chakula inatikisika. Mfamasia aliangalia chini, akakuta goti lake linapiga cherehani peke yake, akaliwekea mkono juu, na baada ya muda mkono nao ukaanza.

Siku za makali ndizo zilizomfichua. Stoo, katikati ya maboksi ya sirapu, baiskeli ilifungwa kwenye chuma cha kuisimamisha, naye alitakiwa kukanyaga kwa nguvu zote kwa vipindi vifupi, apumzike, arudie. Kipindi cha kwanza alikimaliza. Cha pili alikimaliza kwa kuapa. Cha tatu miguu iligeuka uji, akashuka, akakaa juu ya boksi, akiwa na hasira ya mtu aliyeibiwa asijue nini. Kocha alikuja na kompyuta yake, akafungua mistari ya mapigo, akakuta vuguvugu kutoka Jumatatu hadi Jumapili.

"Unaongea kweli huko barabarani?"

"Shemeji, naongea mpaka masikio yanawaka. Muulize mama yako."

Kocha alikwenda kumuuliza. Alijitia kutengeneza bomba la jikoni, akalala chini ya sinki na spana, na kutoka huko akauliza kama jambo la kupitisha muda, eti yeye na shemeji huwa wanaongea nini asubuhi yote hiyo.

"Naongea mimi," alisema Hakimu. "Yeye anasikiliza. Mke wa kaka yako ana adabu kuliko nyinyi wawili mkijumlishwa pamoja. Tangu aanze kunipigia hajanikatiza hata siku moja. Ndiyo mama, naam mama, kumbe mama. Ila mpelekeni akapimwe kifua, maana anahema kama amebeba gunia."

Kocha alibaki chini ya sinki zaidi ya bomba lilivyohitaji. Kipimo cha mwendo wa kuongea, aliona sasa, kilibuniwa na watu ambao hawana mama wakwe, au wanao na huwakatiza. Mtu anaweza kuitikia "ndiyo, mama" huku anakimbilia treni. Anaweza kuitikia hivyo huku anazama. Miezi yote hiyo mkwe mwema alikuwa amekimbia kwa kasi aliyoipenda, akijificha nyuma ya heshima yake mwenyewe bila kujua kwamba amejificha, na kwa kuwa aliamini kwamba anakwenda polepole, alikwenda mbali.

Amri mpya ilikuwa fupi: aongee yeye. Mfamasia alisema haiwezekani, mtu hampigii mama mkwe simu ili amhutubie. Kocha alisema basi aanze kuzoea sauti ya msimamizi wa fulana ya manjano. Kesho yake alitoka, akapiga, akasalimia, na kabla Hakimu hajafika kwenye tangi la jirani akadakia na habari za duka: kuna mteja aliyerudisha dawa ya macho kwa malalamiko kwamba ni chungu. Hakimu alicheka kwa mshangao. Mfamasia akaendelea, na akagundua kwa aibu kwamba katikati ya mteja huyo ilimbidi apunguze mwendo, kisha apunguze tena, mpaka mzoa taka mwenye mkokoteni akampita.

"Mwanangu," Hakimu alisema, "uko wapi?"

"Barabarani, mama."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi mahali, mama. Nafanya mazoezi. Nakimbia."

Hakimu alirudi nyuma katika kumbukumbu za shauri, akazisoma upya.

"Tangu lini?"

Mfamasia hakuwahi kumdanganya, na huu haukuwa wakati wa kuanza. "Tangu siku ya kwanza niliyokupigia."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa saa yako ya mkononi," alisema Hakimu, na simu ikakatika.

Hakupokea tena. Mume alitumwa kusuluhisha, akarudi na kontena la plastiki ambalo mama yake alidai ni la kwao, bila ujumbe mwingine. Kocha aliamuru juma zima la kupumzika, jambo ambalo kwa Mfamasia lilikuwa kali kuliko vipindi vyote vya stoo. Alifuta rafu za duka zilizokwisha kufutwa. Aliziondoa chupa zote, akazipanga kwa herufi, akazipanga kwa ukubwa, akazirudisha kwa herufi. Mume alivificha viatu vyake nyuma ya kabati. Alivikuta siku hiyohiyo, akavijaribu, akavirudisha nyuma ya kabati ili asimvunje moyo. Zilikuwa zimebaki wiki chache. Alijijua: barabarani peke yake, bila sauti sikioni, angekimbiza kila kiumbe chenye mgongo, na siku ya siku angefika kwenye mbio akiwa amekwisha, kama mwaka ule. Lakini alichokitaka kwa Hakimu hakuweza kukiomba, kwa sababu hakikuwa na jina la heshima. Utamwambiaje mama wa mumeo, nirudie niwe naongea wewe ukinyamaza?

Jumamosi ya baada ya mapumziko, akiwa amekaa kitandani na kiatu kimoja, simu ililia.

"Leo si siku yako ya mbio ndefu?" alisema Hakimu. "Mbona hupigi?"

"Nilidhani umekasirika, mama."

"Nimekasirika. Hilo halizuii shauri kuendelea. Vaa, utoke. Leo nasikiliza mimi."

Mfamasia alitoka. Alikimbia kwa mwendo ambao mwaka uliopita angeuita kutembea, na akaongea. Habari za duka zilimtosha mpaka kiwanda cha magodoro. Bei za vitu zilimfikisha darajani. Ndugu, afya zao na watoto wao vikaisha kabla ya taa za njia panda, na mbele yake ilikuwa bado barabara ndefu, nyeupe kwa jua, na sikioni mtu aliyezoea kwa miaka mingi kusubiri shahidi amalize uongo wake wa kwanza. Ilimbidi aseme kitu. Alianza sentensi bila kujua inakwenda wapi.

"Mama, ile siku sebuleni nilisema ndiyo kwa sababu mbele yako huwa nasema ndiyo, siyo kwa sababu nilikubali. Sikukubali. Nikiuza ile baiskeli nitabakiwa na duka, na dukani nasimama mahali pamoja kutwa nzima nikisubiri mtu mwingine aumwe. Wanasema nitulie. Nikitulia ndipo naanza kuogopa, na ukiniuliza naogopa nini sina jibu, ila nikikimbia hiyo hofu haipo. Sitaki mara moja tu. Nataka niache siku nitakayotaka mwenyewe kuacha."

Mfamasia alizipita nyumba tatu au nne za pembeni ya barabara.

"Umesema yote hayo bila kuhema," alisema Hakimu hatimaye.

Mfamasia aliangalia saa. Ni kweli, mapigo yalikuwa chini kuliko alivyowahi kuyaona akiwa kwenye viatu hivyo.

"Na kuhusu ule uamuzi," aliendelea Hakimu, "niliuliza kama kuna mwenye neno. Ulikuwa umekaa pale pale. Mahakama haimpi mtu asichokiomba."

"Sasa naomba, mama."

"Nimesikia. Nitaamua nikiwa tayari. Endelea, na usiharakishe, nimetenga asubuhi nzima."

Wiki zilizobaki zilikuwa za kuchosha kuzisimulia, na hiyo ndiyo sifa ya mazoezi yanayofaa. Siku nyingi alijikokota barabarani akitoa maelezo. Bibi mwenye kikapu alimpita mara mbili, na mara ya pili alimsubiri kwenye kona ili kumuuliza kama ni mzima. Siku chache aliingia stoo, akakanyaga kipindi cha tatu, na cha nne, na cha tano, akashuka akiwa amelowa na kutetemeka na kuridhika kwa namna isiyopendeza kutazama. Vidonda vya mdomo vilikauka. Kocha akawa havumiliki kwa majivuno. Goti, hata hivyo, liliendelea kupiga cherehani chini ya meza. Nadharia hazitibu kila kitu, na aliyeandika kwamba mazoezi huleta utulivu wa nafsi hakumhoji mume wa Mfamasia.

Uamuzi ulitolewa mkesha wa mashindano, jua likiwa bado juu, Mfamasia akitia upepo kwenye matairi. Hakimu alikuja mwenyewe kwa teksi, akakataa kuketi. Alisema amepima hoja. Mfamasia akivuka mstari kabla haujafungwa, atakuwa ameonyesha kwamba anajua kujitawala, na mambo ya kuacha au kutoacha yatakuwa yake mwenyewe. Asipouvuka, uamuzi wa kwanza unasimama, na yupo jirani mwenye tangi ambaye amekwisha kuonyesha nia ya kuinunua ile baiskeli.

"Mama, hiyo siyo haki," alisema Mfamasia, akiwa ameshika pampu, "kwa sababu tairi likipasuka njiani nitachelewa, na tairi halijui kujitawala."

Hakimu alifikiri. Alisema hoja imeingia katika kumbukumbu, na imetupwa. Kisha akamwambia mwanawe amtafutie teksi.

Majini hakukuwa na la kusimulia. Mfamasia aliogelea kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, akatoka salama. Baiskeli ndiyo iliyokuwa mtihani. Walimpita vijana, wakampita wazee, akapitwa hata na mwanamke mwenye baiskeli ya kuazima iliyolia kama mlango, na kila mgongo uliompita ulivuta kitu ndani yake kama kamba ya ndoo. Alijishika kwa kusema. Kwa kuwa simu haziruhusiwi, alisema peke yake, kwa sauti, yale aliyoyajua zaidi: kimoja kutwa mara tatu baada ya chakula, usinywe na maziwa, usiongeze dozi hata ukiona haifanyi kazi. Mwendesha baiskeli mmoja aliyekuwa ubavuni aligeuka kumtazama, akaongeza kasi.

Alianza kukimbia akiwa bado na miguu, jambo geni kwake. Saa za mchana zilikwisha, kivuli kikamtangulia, na mmoja mmoja ile migongo ikaanza kurudi: yule kijana akitembea, yule mzee ameketi kwenye ukingo wa barabara akizungumza na mguu wake. Hakumpa mtu pole. Aliijua bei yake.

Msomaji asiyependa kuning'inizwa na aelezwe mapema kwamba aliuvuka mstari kabla haujafungwa, na kwamba muda uliobaki usingetosha kuchemsha chai. Lakini yeye wakati huo hakuelezwa na mtu. Kwenye kilomita ya ishirini na saba alichojua ni kwamba jua limeshuka mpaka kwenye paa za mabanda, kwamba msimamizi mmoja ameanza kukunja meza ya maji, na kwamba pembeni yake amekuwapo kwa muda mwanamume mrefu, mpima ardhi kwa maelezo yake mwenyewe, ambaye alikimbia kwa hatua zilezile kana kwamba amefungwa naye kwa uzi, na aliyeanza kupoteza matumaini kwa sauti.

"Dada," alisema, neno likimtoka vipande vipande, "tuta... wahi kweli?"

Mfamasia alimjibu. Alisema kwamba kwa mwendo huu, zikiwa zimebaki kilomita tatu na saa ikiwa imefika pale ilipofika, na tukikumbuka kwamba mwisho kuna mlima mfupi ambao kwenye ramani wameuita mwinuko kwa sababu walioichora hawakuupanda, hesabu ya mume wake ingetoa jibu kwamba watafika wakati yule bwana wa fulana ya manjano ameshavuta kamba, labda kwa dakika mbili, labda kwa tatu, kwa hiyo ukweli ni kwamba...

Hapo alijisikia mwenyewe akiongea. Sentensi ilikuwa ndefu kama treni ya mizigo, nayo ilikuwa ikipita kifuani mwake bila kugusa ukuta. Siku nzima alikuwa ameweka akiba, na akiba yote ilikuwa imo humo, haijaguswa, na saa ya kuitumia ilikuwa hii na si nyingine.

Alinyamaza, akaondoka.

Mpima ardhi alisubiri mwisho wa sentensi kwa hatua kadhaa. Alipogeuka kuuliza, mwanamke alikuwa amekwisha kuipita meza ya maji, na alichokiona ni mgongo wake tu, ukiuelekea ule mlima, kinywa asichoweza kukiona kikiwa wazi na hakuna neno lililotoka.